Kababu za Mboga: Habari ya Maji na Moto

Leo nataka tuzungumze habari ya kababu, lakini kababu zisizo na nyama ndani yake, wala yai, wala maziwa, wala samli, na ambazo hazitatumbukizwa kwenye karai la mafuta. Zinaokwa. Najua wako ambao mkono umeshafika kwenye kitufe cha kubadilisha stesheni. Subiri kidogo. Nina jambo moja tu la kukwambia, na mengine yote yanalisindikiza hilo: kababu ya mboga ikikuvunjikia mkononi, usiilaumu kwa kukosa yai. Imevunjika kwa sababu ya maji.

Nalisema hili mapema kwa kuwa kila watu wakizungumzia pishi hili, mazungumzo huanza na yai na huishia kwenye yai. Itashikana na nini bila yai? Na anayeuliza, mbele yake ana bakuli la kabichi na karoti alizozikwaruza muda si mrefu, kazitia chumvi, na sasa zinaelea. Mpe mayai matatu ayavunjie humo, atapata kimanda kizuri cha kabichi, lakini kababu hatapata. Yai linasaidia pale ambapo hakuna maji ya kupigana nayo. Na maji yakishaondoka, yai lenyewe linakuwa halina kazi.

Kwanza, nani anazila kababu hizi? Kuna dhana kwamba chakula kisicho na kitu chochote cha mnyama ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Haya, pita mitaa ya Kisutu, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye mahekalu. Zipo familia za Kihindu ambazo nyama haijaingia chunguni mwao kwa vizazi na vizazi. Na miongoni mwa watu wa Bara Hindi wamo Wajaini, ambao walio makini zaidi hawali hata kiazi wala kitunguu, kwa kuwa kuving'oa ardhini ni kuua mmea mzima na vijidudu vilivyoko pale. Panda milima ya Upare, ambako wamisionari Wasabato kutoka Ujerumani walifika mwaka 1903, utawakuta waumini walioiacha nyama kabisa kwa sababu za afya na za imani. Wakatoliki wana Ijumaa zao za Kwaresma. Lakini kundi kubwa kuliko yote halijajipa jina, wala halina kanisa wala hekalu: ni wale ambao nyama ni ya mwisho wa mwezi, na siku nyingine ni maharage, mchicha, dagaa akipatikana. Hao ndio ninaozungumza nao zaidi leo.

Huko Ulaya jambo hili limekuwa biashara kubwa. Kampuni ya Kisweden ya IKEA, ambayo wengi mnaijua kwa vitanda na makabati, ina mikahawa ndani ya maduka yake, na mikahawa hiyo imepata sifa kwa vipira vya nyama. Mwaka 2015 wakaleta vipira vya mboga: dengu, njegere, karoti, mahindi, pilipili hoho, na majani ya jamii ya sukuma wiki. Ukikikata kimoja unaiona njegere, unaliona hindi. Mwaka 2020 wakaleta aina nyingine, hiyo imetengenezwa kwa protini iliyotolewa kwenye njegere, na shabaha yake ni kwamba mlaji asiweze kujua kama hajala nyama. Ndugu zetu walioko London na Dubai labda wameshazila zote mbili.

Mimi niko upande wa zile za kwanza. Sioni sababu ya kumchukua mdengu wa watu na kumvisha kanzu ya ng'ombe. Anayetaka ladha ya nyama, bucha lipo. Na aliyeiacha nyama kwa hiari yake, kwa nini umkumbushe kila tonge? Tena kuna hoja ya jikoni: kababu inayojaribu kuiga nyama inahitaji vitu vya kiwandani, na kababu inayokubali kuwa mboga inahitaji vitu ambavyo vyote vipo Kariakoo, Marikiti ya Mombasa na Darajani kule Unguja.

Sasa turudi kwenye maji.

Kabichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 92. Karoti ni asilimia 88. Mchicha, zaidi ya 90. Maana yake ukibeba kilo moja ya kabichi kutoka sokoni, umebeba gramu 900 na ushei za maji na kikapu cha nyuzinyuzi cha kuyabebea. Maji hayo yamefungiwa ndani ya vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kisu kinavunja kuta za baadhi ya vyumba, chumvi inayavuta yaliyobaki, na moto unamalizia. Kwa hiyo yatatoka tu, utake usitake. Swali ni yatokee wapi. Yakitokea kwenye bakuli, yanamwagika na habari imekwisha. Yakitokea ndani ya oveni, kababu ikiwa tayari imeshaumbwa, yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na njia yenyewe ni ufa.

Nina shangazi yangu Tanga, ambaye kwa kababu za mboga simjui wa kumfikia. Hapimi kitu kwa mizani. Kabichi anaikata nyembamba, anaitia kijiko cha chai cha chumvi, anaifikicha kwa vidole mpaka inalegea, halafu anaiacha kama dakika 20 na kuendelea na shughuli nyingine. Baada ya hapo anaimimina kwenye kitambaa cha kuchujia tui, anakusanya ncha nne, anazungusha. Maji ya mwanzo yanatoka kwa mkururo, yana rangi ya kijani iliyopauka na povu juu. Ya pili yanatoka kwa matone, na hapo ndipo wengi wetu tunapoacha. Yeye anabadilisha mkono, anaegemeza kiwiko ukingoni mwa meza, anakaza upya, na yanatoka ya tatu, machache, mazito kidogo. Akikukuta jikoni atakupa na wewe fungu lako. Ukimpelekea, hasemi kitu. Anatia vidole viwili kwenye bakuli, anabana, anakutazama.

“Mwanangu, hii umeikamua au umeibembeleza?”

“Nimeikamua, shangazi.”

“Basi ikamue tena.”

Na ukiikamua tena, kweli, yanatoka. Kabichi iliyoingia kwenye kitambaa ikiwa imejaa bakuli inatoka ikiwa ngumi moja. Hiyo ngumi ndiyo inayoingia kwenye kababu. Maji yaliyokamuliwa usiyamwage, yatie kwenye mchuzi au kwenye sufuria ya maharage. Ila yana chumvi, kwa hiyo onja kabla hujaongeza nyingine. Karoti nazo zinakwenda njia hiyo hiyo. Mchicha uchovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, uutoe, uupoze, uunyonge. Kitunguu mimi sikitii kibichi. Nakikata vidogo na kukikaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka ile kelele yake kwenye mafuta ipungue. Kelele hiyo ni maji yanayoondoka, na ikinyamaza, kitunguu kimeanza kuwa kitamu. Nyanya na matango yabaki kwenye kachumbari. Hayana kazi humu ndani.

Mboga zikishakaushwa hivyo, zinahitaji kitu cha kuzishika. Hapa ndipo ninapoingiza dengu. Wasikilizaji wa Kenya wanielewe: nasema zile kubwa za manjano zenye kidomo, siyo zile ndogo za kijani mnazoziita ndengu, ambazo huku kwetu ni choroko. Dengu tunazo, na tunazo nyingi. Zinalimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, kwenye ule udongo mweusi wa mbugani unaonata masika na kupasuka kiangazi. Mkulima anazisia mvua zikiwa zinaishia, na mmea unakua kwa unyevu uliobaki chini, bila kudai zaidi. Sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa nje, hasa India, na sisi tunabaki na habari ya bei. Siyo vibaya kuuza, lakini si vibaya pia kubakiza gunia moja mtaani.

Dengu ziloweke usiku kucha, asubuhi uzibadilishie maji na kuzichemsha mpaka uweze kuiponda moja kati ya kidole gumba na cha shahada bila kutumia nguvu. Zimwage kwenye chujio, zikae. Kisha zirudishe kwenye sufuria tupu, juu ya moto mdogo, uzitikise kwa dakika mbili tatu mpaka ngozi zianze kupauka. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haina maelezo ya kuvutia. Ni maji yale yale tunayoyafukuza. Baada ya hapo ziponde kwa mchi au kwa chini ya glasi, lakini usizisage zikawa lami: nusu ziwe laini, nusu zibaki vipande. Laini zinashika, vipande vinampa mlaji kitu cha kutafuna.

Wako watakaoniambia kwamba kwa bajia dengu au kunde husagwa mbichi, zikiwa zimelowekwa tu. Ni kweli, na kwenye mafuta mengi zinatoka vizuri sana. Kwenye oveni dengu mbichi iliyosagwa hukauka na kuwa kama chokaa mdomoni, kwa hiyo kwa kuoka nachagua za kuchemsha. Na hapa nitaacha mzaha kwa nusu dakika. Kama huna dengu na unataka kutumia maharage, hasa yale mekundu, usithubutu kuyasaga mabichi na kuyaoka. Maharage mabichi yana sumu ya asili, na oveni inayopasha kababu kwa nje tu haina hakika ya kuiondoa. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga yale maji, kisha yachemshe kwa moto wa kutokota hasa, nusu saa nzima kwa uchache, hata kama utayamalizia kwa moto mdogo baadaye. Maharage ambayo hayakuiva sawasawa yanaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache.

Ile supu iliyochemshiwa dengu nayo ina maajabu yake. Mwaka 2014 Mfaransa mmoja, Joël Roessel, aligundua kwamba maji ya mikunde ya kopo yakipigwa kwa mchapo yanatoa povu jeupe kama ute wa yai, na tangu hapo watu wasiokula mayai wanayatengenezea keki. Kwa kababu zetu huyahitaji kabisa. Nayataja tu ili ujue unachokimwaga kwenye sinki.

Mshikaji wa pili ni kiazi mviringo. Kichemshe na maganda yake ili kisinywe maji, kimenye kikiwa cha moto, kiache wazi kipumue mvuke, kiponde. Wanga wa kiazi ukichemka unavimba na kunata. Ukipoa unakaza. Ndiyo maana kiazi cha jana kinakatika vipande vizuri na cha sasa hivi kinabomoka. Hilo tulitumie: mchanganyiko wetu ukishakamilika, upumzike kwa nusu saa mahali pa baridi. Friji ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, bakuli likae ndani ya beseni la maji ya mtungini.

Mshikaji wa tatu ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, vijiko vinne au vitano vya chakula. Kazi yake ni kunywa yale maji kidogo yaliyotushinda, na ukipata moto unaganda, ndiyo kazi ambayo yai lingeifanya. Lakini ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu kwa dakika tatu hivi, mpaka unukie karanga. Unga mbichi una uchungu fulani wa majani, na ndani ya kababu ya kuoka uchungu huo haujifichi.

Vipimo nitavitaja polepole, aliye na kalamu aandike. Dengu kavu robo kilo. Zikiiva zitakuwa zaidi ya nusu kilo. Viazi gramu 300, yaani viwili vikubwa. Robo ya kabichi ya wastani na karoti mbili, vyote vimekamuliwa kwa mtindo wa shangazi. Kitunguu kikubwa kimoja kilichokaangwa. Njegere za kuchemsha, konzi moja, nzima nzima. Kitunguu saumu punje nne, tangawizi kipande cha kidole. Bizari nyembamba kijiko cha chai, na giligilani kijiko cha chai, zote zikaangwe kavu na kutwangwa papo hapo. Hapa sikubali kusuluhishwa: bizari iliyosagwa tangu mwaka jana haina tofauti na vumbi, na chakula kisicho na nyama kinategemea viungo kuliko kile chenye nyama. Pilipili manga, pilipili mbuzi kwa anayeiweza, kotmiri iliyokatwa. Chumvi onja kwanza. Ndimu isiingie humu, itasubiri mezani.

Changanya kwa mkono. Kisha jaribu kabla hujaumba zote: chukua donge, libane, lifungue. Likikaa na alama za vidole vyako zinaonekana, uko salama. Likikuachia unyevu kiganjani, ongeza kijiko cha unga. Likipasuka kama udongo mkavu, umekamua kupita kiasi, jambo ambalo bado sijaliona likimtokea mtu. Lakini likitokea, kijiko cha tui zito kitalirekebisha. Umba kababu za ukubwa wa ndimu. Hesabu hiyo inatoa zaidi ya 30. Ukizifanya kubwa kama chungwa, nje zitakauka kabla ya ndani kupata moto.

Tuje kwenye moto, ambako kuna elimu nyingine kabisa.

Kababu ikizama kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 180, mafuta yanaigusa kila upande kwa wakati mmoja na kuikamata. Oveni haina mkono kama huo. Hewa ni mbebaji mbaya wa joto. Unaweza kuingiza mkono kwenye oveni yenye nyuzi 200, ukachukua unachokitaka na kuutoa salama, ili mradi hukugusa chuma. Maji ya nyuzi 100 huwezi kuyafanyia mchezo huo. Kwa hiyo kababu ya oveni inaiva taratibu, na rangi yake inachelewa. Kuna sababu. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita watoto kutoka nje ni kazi ya sukari na protini zinapokutana kwenye joto kali, jambo lililoelezwa mwaka 1912 na mwanakemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard. Linashika kasi joto linapokaribia nyuzi 140. Na mahali penye majimaji hapavuki nyuzi 100 mpaka maji yaishe. Kababu iliyoloa inaweza kukaa ndani ya oveni kutwa, ikabaki imepauka kama mgonjwa, wakati ile kavu ya jirani yake imeshavaa dhahabu.

Kwa wenye oveni, basi: washa mapema ifike nyuzi 200, na trei iwe ndani ili nayo ipate moto. Kababu zipake mafuta kidogo kwa mkono, zote kwa pamoja hazihitaji zaidi ya vijiko vitatu vya chakula. Ya nazi yananukia vizuri, ya alizeti yanatosha. Zipange zisigusane. Zikibanana, zinapulizana mvuke, na hapo umezipika kwa mvuke badala ya kuzioka. Dakika 15 za mwanzo usizishike. Kababu ambayo haijafanya gamba inang'ang'ania trei, ukiilazimisha inaacha nusu yake pale. Ikishafanya gamba inaachia yenyewe kwa kusukumwa na ncha ya kijiko. Igeuze, uirudishe dakika nyingine 10 hadi 15.

Hayo mafuta vijiko vitatu usiyadharau. Karai la kukaangia linadai lita moja, na lita hiyo tunaijua inavyouma. Februari 2022 vita vilipoanza Ukraine, nchi inayouza mafuta mengi ya alizeti, na Aprili mwaka huo huo Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa mawese yake yasitoke nje, bei ilipanda dunia nzima. Sisi ambao sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia tunaagiza, tulizisikia habari hizo kwenye vibanda vya mtaani, mama anapima mafuta kwa vijiko vya shilingi mia mia.

“Lakini mimi sina oveni.” Nimekusikia. Pwani hii ilikuwa inaoka kabla umeme haujafika. Mkate wa kumimina, mkate wa sinia, mkate wa mayai, vyote vimetoka kwenye sufuria na makaa, moto chini na moto juu. Utaratibu ni ule ule. Sinia au sufuria pana ya chini nzito, imepakwa mafuta, kababu zimepangwa, juu mfuniko bapa wa bati, na juu ya mfuniko unapalia makaa. Siri ambayo wageni wa pishi hili hukosea ni mgawanyo: makaa mengi yawe juu, chini yabaki machache ya kutia joto tu. Ukigawa nusu kwa nusu, chini zinaungua kabla ya juu kubadilika rangi. Shangazi yangu huweka kiganja juu ya mfuniko, mbali kidogo, akahesabu kimoyomoyo, akaamua kuongeza kaa moja au kuondoa. Na makaa yawe nje au kwenye jiko lenye upepo wa kutosha, maana hewa yake ikijazana chumbani inaua bila harufu.

Makaa yenyewe, hata hivyo, serikali inataka tuyaage. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na kwa walio wengi mijini hiyo ina maana ya mtungi wa gesi na jiko la plate mbili, ambalo halina oveni. Sijasikia mtu akiuliza mkate wa kumimina utaokwa wapi. Lipo jibu la wenyewe mitaani, waokaji wa keki wanalijua: sufuria kubwa nzito, ndani mchanga mkavu uliochekechwa kina cha vidole viwili, juu ya mchanga kitako cha kuinulia sinia, mfuniko, na moto wa dakika 15 hadi 20 ili mchanga ushike joto kabla hujaweka kitu.

Inafanya kazi, ila ina kasoro moja unayopaswa kuijua. Joto lote linatoka chini, na mvuke wa kababu unapanda, unagonga mfuniko, unageuka matone, unazidondokea. Tumeyafukuza maji kwa kitambaa, kwa kikaango, kwa unga, na bado yamepata mlango wa juu. Uache mfuniko na upenyo mwembamba, ufute sehemu yake ya ndani kila baada ya dakika 10, na ukigeuza kababu usirudishe mfuniko mpaka uone upande ulioloa umekauka. Itachukua dakika 40, pengine na zaidi. Kwa wenye zile mashine ndogo za kukaangia kwa upepo wa moto, habari yenu ni fupi: upepo wenyewe unakausha, punguzeni dakika, na msizijaze.

Niseme neno kuhusu afya, kwa kifupi, kwa kuwa wapo wanaouliza na wapo wanaotia chumvi. Gramu 100 za dengu zilizoiva zina protini gramu 9 hivi; nyama ya ng'ombe iliyopikwa ya uzito huo ina mara mbili mpaka tatu ya hizo. Dengu zina nyuzinyuzi ambazo nyama haina hata chembe, na zina madini ya chuma, ambayo mwili huyapokea vizuri zaidi yakiwa na kitu chenye vitamini C. Ndiyo maana nimesema ndimu isubiri mezani, pamoja na kachumbari. Lakini vitamini B12 haimo kwenye mboga hizi wala kwenye dengu. Anayekula kababu hizi leo na samaki kesho hana la kuhofia. Aliyeacha vitu vyote vya wanyama moja kwa moja lazima aipate kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa, na asidanganywe na mtu kwamba mchicha utamtosha.

Mezani, usizichemshe ndani ya mchuzi. Najua mkono unavutika, kwa kuwa kababu za nyama tunazitosa kwenye mchuzi wa nazi zikaiva humo. Hizi zitalewa na kulegea. Pika mchuzi wako peke yake, mzito, wa nazi au wa ukwaju, na kila mtu amwagiwe kwenye sahani yake, ale wakati huo huo. Kwa chapati hazihitaji mchuzi. Chatne ya ukwaju na kachumbari vinatosha. Zikibaki, kwa joto la Dar es Salaam zisikae nje zaidi ya saa mbili, mikunde iliyoiva inachacha haraka. Zipoe, ziingie kwenye friji, na za kugandisha zigandishwe zikiwa zimeshaokwa. Kesho yake zipashe moto kwenye kikaango kikavu, pole pole, mpaka zifuke mvuke katikati.